Jina Lililokatwa kwa Wino Mwekundu

Mama wa mwanafunzi wangu mmoja alikuja shuleni Jumatatu, wanafunzi wakiwa wametoka mstarini. Alibeba mfuko wa rambo wenye madaftari saba. Hakukaa kwenye kiti nilichomwonyesha. Alisimama karibu na mlango wa ofisi ya walimu, akasema kwa sauti ya chini ili wenzangu wasisikie: "Mwalimu, mwanao yuko mahabusu. Walimchukua Alhamisi usiku. Naomba umwandikie kazi za darasani humu ndani, nikienda kumtazama nitampelekea."

Niliupokea ule mfuko. Nikamjibu, "Sawa mama, nitaona."

Sikuona. Mfuko niliuweka chini ya meza yangu, juu yake nikaweka mitihani ya kusahihisha, na wiki zikapita. Kosa langu lilianzia hapo.

Kijana mwenyewe simtaji jina, wala mji wetu. Ameshatajwa vya kutosha na watu wasiomtakia mema. Alikuwa na miaka 15, yuko kidato cha pili katika shule ya kata niliyokuwa nikifundisha hisabati, nami ndiye mwalimu wake wa darasa. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Alikuwa mtoto wa kumaliza maswali yake kabla ya kengele, kisha akawa anamnong'oneza jibu jirani yake mpaka nimfokee. Mwezi wa nane pampu ya maji iliibwa kwenye bustani ya mboga ya mtu mmoja. Polisi waliikuta nyuma ya gereji, na vijana watatu wamekaa karibu yake. Wawili walikuwa watu wazima. Wa tatu alikuwa yeye, akiwa bado na sare ya shule.

Dhamana ilikuwa wazi. Walitakiwa wadhamini wawili wenye barua ya serikali ya mtaa. Mama alikuwa muuza vitumbua, mjane, hana wa kumkimbilia isipokuwa kaka yake mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikwenda kwake mara mbili. Mara ya pili yule mjomba alimjibu mbele ya wateja: "Mwache kwanza akae huko, akili zimkae sawa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Habari hiyo ilipofika ofisini kwetu, walimu wengi walitikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Methali hiyo inasemwa kila mtoto anapokamatwa, nami nimeitafakari sana tangu siku ile. Wazee walimwonya mzazi asichoke kufunza. Sisi tumeifanya ruhusa ya kuchoka. Tunamkabidhi mtoto kwa ulimwengu, tunarudi majumbani tukiwa na amani, wala hatuulizi huo ulimwengu una walimu gani, unafundisha somo gani, na mtihani wake unafanywa wapi. Na kumwambia mama methali ile huku mwanawe yuko ndani ni kumpiga aliyekwisha kuanguka.

Katika daftari la mahudhurio nilianza kuweka alama nyekundu ya utoro mbele ya jina lake. Siku tano, siku kumi, mwezi. Mwezi wa kumi mkuu wa shule aliomba orodha ya watoro sugu. Niliandika majina sita, la kwake likiwemo. Nilijua alipo. Mama yake alinieleza kwa kinywa chake, na madaftari yake yalikuwa miguuni pangu, lakini niliandika "mtoro". Kisha nikachukua rula na kalamu nyekundu, nikalikata jina. Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi zinaruhusu mwanafunzi kuondolewa kwa kosa la jinai kama wizi, awe ameshtakiwa au la. Sisi hatukuhitaji hata kanuni hiyo. Utoro ulitosha, na hakuna aliyeuliza.

Upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili ulifanyika Novemba. Yeye alikuwa ameshasajiliwa mapema mwaka ule, kwa hiyo nambari yake ilikuwepo. Ilibandikwa kwenye dawati kama za wenzake, na dawati likabaki tupu tangu somo la kwanza hadi la mwisho. Asiyefaulu upimaji huo haendi kidato cha tatu, sembuse asiyeufanya. Nilikuwa nikipita kati ya madawati kusimamia, na kila nilipofika pale nilitazama pembeni. Sikuwahi kuandika barua hata moja kuuliza kama angeweza kusindikizwa aje aufanye.

Jumamosi iliyofuata ndipo nilipopanda basi kwenda kumwona.

Mahabusu za watoto katika nchi yetu ni chache. Ziko katika miji michache kama Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Tanga na Mbeya, na ziko chini ya Ustawi wa Jamii. Mikoa mingi haina hata moja. Mtoto anayekamatwa huko hupelekwa mbali na kwao, au hushikiliwa mahali palipojengwa kwa ajili ya watu wazima. Shule ya Maadilisho ya Irambo, wanakopelekwa wavulana waliokwisha kukutwa na hatia, iko Mbeya. Mzazi wa Tanga ambaye mwanawe amepelekwa Irambo akitaka kumwona anavuka nchi nzima. Kwangu ilikuwa safari ya saa nne. Mama yule alikuwa akiifanya mara moja kwa mwezi, kwa nauli ya vitumbua.

Nilimkuta anafagia uwanja. Aliacha ufagio, akaja mbio, akaniamkia: "Shikamoo mwalimu." Nikaitika marahaba, na neno lililofuata sikulipata. Alifikiri nimemletea kazi. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mkoba wangu, na ndani ya mkoba huo mlikuwa na mkate na sabuni tu.

Alinionyesha chumba cha kusomea. Kulikuwa na ubao, mabenchi, na mwalimu mmoja wa kujitolea aliyekuja siku mbili kwa wiki. Yule mwalimu simlaumu hata chembe. Darasa lake lilikuwa na mtoto wa miaka 12 asiyejua kusoma, amekaa benchi moja na kijana wa miaka 17 aliyekwisha kusoma aljebra. Jumatatu ana watoto ishirini; Alhamisi saba wamepata dhamana, watano wapya wameletwa usiku. Somo la juzi halina wa kuliendeleza. Shule ya kawaida hujengwa juu ya jambo moja ambalo hatulioni kwa sababu tumelizoea: kwamba watoto wa leo ndio wa kesho. Mahabusu haina hilo. Mtoto yupo pale kusubiri, wala hajui anasubiri hadi lini. Bila silabasi iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa kuja na kuondoka, bila shule alikotoka kumtumia kazi, mwalimu wa namna ile hufundisha vipande vipande na kuomba Mungu.

Kisha kijana akanionyesha daftari lake. Alipewa moja na afisa ustawi wa jamii. Nilitarajia hesabu. Kurasa zilikuwa na jedwali lililochorwa kwa rula, safu mbili. Upande wa kushoto tarehe, upande wa kulia maneno mafupi: upelelezi haujakamilika, shahidi hajafika, hakimu ana udhuru, upelelezi haujakamilika, gari halikuja. Tarehe zilipishana siku kumi na nne kumi na nne. Alikuwa ameanza kukokotoa: kesi ikitajwa mara kadhaa zaidi atakuwa amekaa siku ngapi, na siku hizo ni vipindi vingapi vya hisabati alivyokosa. Alikuwa amepata jibu, na jibu lilikuwa sahihi. Mimi mwalimu wake nilisimama pale na peni ya kusahihishia mfukoni.

Nilimuuliza wanaongea nini usiku. Akasema wakubwa huwafundisha wadogo namna ya kuwasha pikipiki bila ufunguo. Somo hilo halikuwa na uhaba wa mwalimu. Lilifundishwa kila siku, lilikuwa na mifano, na wanafunzi wake walisikiliza.

Yapo maandishi yanayosema tulipaswa kufanya nini, na nchi yetu imeyakubali. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2003, unasema shabaha ya kumshughulikia mtoto, wakati wa kesi na hata akipatikana na hatia, ni kumrekebisha na kumrudisha katika familia na jamii. Tazama maneno hayo: wakati wa kesi. Hayasubiri hukumu. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu watoto walionyimwa uhuru zinasema mtoto wa umri wa shule apewe elimu, na kila inapowezekana aipate nje, katika shule za jamii. Zinakwenda mbali zaidi: cheti atakachopata akiwa kizuizini kisionyeshe kwa namna yoyote kwamba alikuwa kizuizini. Aliyeandika sentensi hiyo aliijua ofisi ya shule ilivyo.

Maana kilichomkuta kijana wangu ni hicho hicho. Mwezi wa pili mwaka uliofuata mashtaka yaliondolewa, akarudi nyumbani. Hakukutwa na hatia ya jambo lolote. Mama alimnunulia soksi mpya, wakaja wote wawili shuleni. Kijana alishika mkononi barua yenye mhuri wa mahabusu, kwa kuwa ndiyo karatasi pekee ya kuthibitisha alikuwa wapi miezi sita. Uongozi wa shule uliutazama mhuri kuliko maneno. Wakaambiwa jina limeshafutwa, upimaji hakuufanya, nafasi zimejaa. Ajaribu shule nyingine. Shule nyingine ikataka barua ya uhamisho kutoka kwetu. Sisi tukasema hatuwezi kumhamisha mtu asiye mwanafunzi wetu. Alizungushwa hivyo wiki tatu. Mtu mmoja alimshauri asome kama mtahiniwa wa kujitegemea, afanye mtihani wa maarifa, yaani QT, kisha mtihani wa kidato cha nne. Ushauri huo si mbaya, na wapo waliofanikiwa kwa njia hiyo. Lakini unahitaji ada, mahali pa kusomea, na mtoto ambaye bado anaamini kwamba mlango ukibishwa hufunguliwa. Alikuja getini mara ya mwisho peke yake, bila soksi. Mlinzi ndiye aliyeniambia. Mimi nilikuwa darasani.

Aliajiriwa gereji, ile ile. Baadaye akaonekana na pikipiki zisizokuwa zake. Alipokamatwa mara ya pili alikuwa na miaka 19. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha jela. Kwa mtu wa miaka 19 haina la kusema. Nilimwona akipanda karandinga nje ya mahakama. Yule mjomba alikuwepo pia, amesimama mbali, chini ya mti. Safari hii hakusema methali.

Wapo watakaoniambia hayo ndiyo maisha, kwamba shule ndani ya kizuizi ni ndoto ya nchi tajiri. Nawakumbusha Wamumu, Kenya, miaka ya 1950. Wavulana waliotolewa katika kambi za kizuizi za wakati wa Mau Mau walipelekwa pale wakafundishwa kusoma na ufundi. Kuwafunga watoto wale kulikuwa dhuluma ya mkoloni, na silitaji hilo kumsifu. Ninachosema ni kwamba hata katika dhuluma ile walipatikana watu walioona kuwa kijana aliyefungwa bado ana akili inayodai kazi. Geoffrey Griffin alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo Wamumu, na mwaka 1959 yeye na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu wakaanzisha Starehe, Nairobi, kwa ajili ya wavulana wa mitaani. Starehe ikawa moja ya shule zinazoheshimika zaidi Kenya. Fedha zilikuwa haba, ubao ulikuwepo, na alikuwepo mtu wa kusimama mbele yake kila asubuhi.

Hapa kwetu, Novemba 2021, serikali ilitoa waraka wa kuwarudisha shuleni wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali. Watu wengi wanaukumbuka kwa ajili ya wasichana waliopata ujauzito, na ni haki waukumbuke hivyo. Ila maneno "sababu mbalimbali" yanamhusu pia mvulana aliyetoka mahabusu na barua yenye mhuri. Kwa kijana wangu ulikuja umechelewa. Kwa wengine haujachelewa, mradi mwalimu aliyeko ofisini siku hiyo aujue na awe tayari kuusoma kwa sauti.

Madaftari saba bado ninayo. La hisabati limeishia kwenye milinganyo sawia, swali la nne, ambalo alilianza Alhamisi ile asubuhi na hakulimaliza.

Mwalimu mwenzangu, fungua daftari lako la mahudhurio kesho asubuhi. Kama kuna jina ambalo mwenyewe yuko mahabusu, usiliguse. Andika kazi za wiki kwenye karatasi, mpe mama yake, au panda basi uzipeleke mwenyewe. Muulize afisa ustawi wa jamii jinsi ya kumfikisha kwenye chumba cha mtihani, na uulize kwa barua ili ajibu kwa barua. Na mzazi akija na mfuko wa madaftari, usimwambie utaona. Kaa, uanze kuandika akiwa bado amesimama pale mlangoni.