Jumanne: Mgeni Anayenukia Kama Ndugu

Soma Yoshua 9:3–16. Wakuu wa Israeli waliukubali ushahidi gani, na ni hatua gani waliyoiacha?

Sulemani alimtuma mvivu kwa chungu akajifunze bidii (Mithali 6:6–8). Lakini nyumba ya chungu ina fundisho jingine, nalo ni la onyo.

Katika nyasi za Ulaya huishi kipepeo wa buluu ambaye wanasayansi humwita Phengaris arion. Kiwavi wake huanza maisha akila maua. Baada ya wiki chache hujiangusha chini na kungoja. Chungu mwekundu anapompata, kiwavi hutoa tone la maji matamu, na chungu hulilamba. Kisha chungu humbeba kwa taya zake mpaka nyumbani na kumweka pamoja na watoto.

Gizani chungu hutambuana kwa harufu. Kiwavi huyu ana harufu inayofanana na yao, tena hutoa sauti inayofanana na ya malkia wao. Kwa hiyo walinzi hawamdhuru, naye hukaa humo miezi 9 au zaidi akiwala watoto wa wenyeji wake. Karibu uzito wake wote huupata humo. Hakuvunja mlango, wenye nyumba walimbeba wenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa kule Gilgali. Wagibeoni walileta mkate mkavu, viriba vilivyotiwa viraka na viatu vikuukuu. Wakuu walivipima vitu hivyo kwa macho, wakaridhika, wala hawakumwuliza Bwana. Baada ya siku 3 ukweli ulijulikana, lakini kiapo kilikuwa kimekwisha kutolewa.

Soma Yuda 4 na Wagalatia 2:4. Uovu huingiaje mahali ambapo watu wanampenda Mungu?

Dhambi iliyo hatari zaidi kwa mwumini mara nyingi si ile inayobisha hodi kwa kelele. Ni ile iliyokwisha kupata harufu ya nyumbani. Kinyongo hujiita kupenda haki. Kupenda fedha hujiita kuitunza familia. Mzazi hutumikia kanisani kila jioni, huku madhabahu ya nyumbani ikipoa, na wanaoumia kwanza ni watoto.

Hata hivyo, fundisho hili halimpi mtu ruhusa ya kumshuku kila mgeni. Neno linaagiza ukarimu (Waebrania 13:2), na katika mfano wa Yesu mwenye shamba aliwazuia watumishi wasiyang'oe magugu wasije wakang'oa na ngano (Mathayo 13:28–30). Anayepaswa kuchunguzwa kwanza si jirani katika benchi, bali moyo wa yule anayesoma. Daudi hakuomba Mungu awachunguze wengine. Aliomba achunguzwe yeye (Zaburi 139:23, 24).

Chungu hawezi kumwita aliye na nuru amwonyeshe kilichomo nyumbani mwake. Mwumini anaweza. Amepewa sheria na ushuhuda wa kupimia kila kitu (Isaya 8:20), na Kuhani Mkuu anayeuchukua udhaifu wake (Waebrania 4:12–16). Kristo akimfunulia mtu mgeni aliyemlisha kwa muda mrefu, hamfunulii ili kumwaibisha. Anataka kuwaokoa walio ndani.

Tafakari: Ni desturi gani iliyopokelewa nyumbani kwa sababu ilionekana njema, bila kumwuliza Bwana kwanza? Ni nani anayelipa gharama yake leo?