Je, Mchezo wa Vijana ni Upuzi?

Ndugu zetu Waislamu, husemwa katika mabaraza yetu kwamba kuwakusanya vijana wacheze mpira na wafunzwe kuhifadhi afya zao ni kupoteza wakati. Chuo na msikiti vyawatosha. Sisi twauliza: yule yatima aliyeacha skuli, baina ya Alasiri na Isha huwa wapi?

Twajua alipo, Mombasa, Malindi hata Lamu. Yuko pembeni mwa mtaa, na muuza unga ndiye amwitaye kwa jina lake. Sisi twampita tukenda kusali, hata salamu hatumpi, akisha kuteketea twasema, "Amejitakia."

Mtume (S.A.W.) aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki yao msikitini mwake siku ya Idi, naye akiwatazama. Basi mchezo wenye adabu ni upuzi kwa hoja gani?

Tena faida ya kundi si nguvu za mwili peke yake. Kijana mpweke hana wa kumuuliza. Mwenye wenziwe, asipofika siku moja hutafutwa. Huko kutafutwa ndiko kumkingako.

Lakini kundi lisilo na mtu mzima mwaminifu laweza kuwa mlango wa maovu yale yale. Kwa hivyo kila mtaa na utoe wazee wawili wa kukaa na vijana hao. Asiyetoa wakati wake, asilaumu. Kwani tutakaloulizwa si namna kijana alivyoanguka, bali tulikuwa wapi alipokuwa akianguka.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.