Mgeni Asiyetaka Kuona

Katika habari za ugeni twazoea kuuliza mgeni amekula nini, tena amelala wapi. Lakini liko swali lililo gumu kuliko hayo, nalo tumeulizwa na wakatekista wawili wa upande huu wa Butimba: mtu akiwaita ndugu zake waone kazi ya Mungu, na mmoja wao akaogopa, je, amfanyeje?

Habari yenyewe ni hii. Jumapili, tarehe 3 Novemba 2013, jua lilipatwa. Huko Pakwach, katika Uganda ya kaskazini, lilifunikwa lote kwa muda mfupi sana. Huku Mwanza lilifunikwa sehemu tu, ingawa kubwa, wakati wa jioni lilipokuwa likishuka kuelekea ziwani. Mkristo mmoja mwenye shamba aliwaalika jamaa zake, nao wakaja kutoka Magu, Misungwi na Ukerewe, watu zaidi ya 30. Kwetu jamaa wengi namna hii hukusanyika kwa msiba au kwa arusi, wala si kwa kutazama mbingu, hata wengine wakanung'unika juu ya gharama ya samaki na michembe. Sisi hatuoni kosa. Ni vema ndugu waonane pasipo jeneza kati yao.

Basi saa ilipokaribia, shangazi yake mwenyeji, bibi mzee sana, aliingia nyumbani akafunga mlango, maana alisikia tangu utoto ya kuwa giza la namna hii ni mwito wa kifo. Vijana waliosoma wakacheka, wakataka kumtoa kwa mkono. Mwenyeji akawakataza, akamtuma mkewe akakae naye ndani.

Wakatekista wasema: Je, hakumwacha katika giza la kale? Amri ya Kwanza yatuagiza kumcha Mungu kuliko vitu vyote. Ndivyo, lakini Amri ya Nne nayo haikufutwa siku ile. Ukimvuta mzee mbele ya wajukuu wake hujamfundisha neno, ila umemwonyesha ya kuwa wenye elimu wana nguvu za mikono. Kama mwenyeji angalimwambia kwamba kweli ni ishara ya kifo, ili apate kutulia, hapo angalikosa, na sisi tungalimkemea. Hakusema hivyo. Mkewe alimweleza shangazi kwa upole ya kuwa ni mwezi unaopita kati ya jua na dunia, na kwamba njia yake yajulikana, hata wenye hesabu huitaja siku na saa miaka mingi mbele.

Tena tuwe na haki. Vijana wale waliomcheka walikuwa wakilikodolea jua macho matupu, na wengine walishika kioo kilichopakwa moshi, kisichotosha kabisa. Jua lililobaki kipande huchoma ndani ya jicho pasipo maumivu. Mtu huona madhara baada ya saa kadhaa, na pengine hayaponi. Katekisimo Ndogo ya Luther huyataja macho miongoni mwa vipawa vya Muumba. Ni nani basi aliyekuwa mjinga zaidi? Mwenyeji aliwanyang'anya vioo, akawageuza watoto walipe jua kisogo, akatoboa karatasi kwa sindano, wakaitazama sura ya jua juu ya karatasi ya pili.

Kumbe ndani ya nyumba nako palikuwa na tundu la msumari katika dirisha la magharibi. Nuru ikapita, ikaandika ukutani jua dogo lililomegwa, mfano wa mwezi mchanga. Bibi akalitazama kitambo kirefu, akasema ni dogo kuliko alivyodhani. Mlango hakuufungua.

Wakatekista walitaka jambo hili lipelekwe mbele ya baraza la wazee. Tumekataa. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa mfano wa pete huko Rujewa, katika Mbarali, na watu wengi wakasafiri kwenda kulitazama, shangazi alikuwa hai bado. Alimpigia mwenyeji simu kuuliza kama watu wa huko wamewakinga watoto macho.