Mahali pa Kuzeekea

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 13:5–13, Mwanzo 46:1–7, 2 Samweli 19:31–40, Zekaria 8:4, 5, Marko 7:9–13, Wagalatia 6:2–5.

Nchini Marekani watu wengi wanapostaafu hukabiliwa na uamuzi mgumu: wabaki pale walipolelea watoto, au wauze nyumba na kuhamia jimbo lingine, kwenye makazi yaliyojengwa kwa ajili ya wastaafu? Chukua mfano wa mume na mke walioishi Michigan kwa miaka 40. Nyumba yao ina ngazi, na magoti hayazitaki tena. Asubuhi za Januari theluji inadai koleo. Watoto watatu wametawanyika katika majimbo matatu. Karibu kila juma posta inaleta kijitabu chenye picha nzuri: Florida yenye bahari na isiyotoza kodi ya mapato ya jimbo, Texas isiyoitoza pia, Arizona yenye jua na hewa kavu.

Uamuzi huu si wa fedha peke yake. Anayechagua mahali pa kuzeekea anachagua pia ni nani atakayemwona kila siku, ni nani atakayemfaa, na yeye mwenyewe atamfaa nani. Ni kwa kipimo gani basi achague?

Soma Mwanzo 13:5–13. Lutu alipewa nafasi ya kuchagua kwanza. Alitazama nini, na ni nini ambacho hakukitazama?

Lutu aliinua macho akaliona bonde la Yordani lenye maji mengi. Biblia hailaumu maji wala majani, kwa maana mfugaji anayetafuta malisho anafanya kazi yake. Lakini hesabu ya Lutu iliishia kwenye majani. Majirani ambao angeishi nao hakuwahesabu, na Abramu, aliyesafiri naye tangu Harani, alimwacha nyuma bila neno lolote lililoandikwa. Vijitabu vya makazi ya wastaafu vimeandikwa kwa jicho hilohilo: bwawa la kuogelea, uwanja wa gofu, ukumbi wa chakula, wazee wenye meno meupe wakicheka. Hakuna ukurasa unaoonyesha mwaka wa kumi na mbili baada ya kuhamia, wakati mmoja wa wale wawili amekwisha kufa na mwingine hawezi kufunga vifungo vya shati.

Mwaka huo wa kumi na mbili unastahili kuangaliwa kabla ya kusaini chochote. Makazi haya ni ya namna nyingi, lakini mbili zinatosha hapa. Kuna vijiji vya watu wa miaka 55 na zaidi, ambako mstaafu hununua nyumba kama mahali pengine popote na kulipa ada ya viwanja na huduma za pamoja. Humo kwa kawaida hamna muuguzi. Nguvu zikiisha, mtu anahama tena. Halafu kuna makazi yanayoahidi kumtunza mtu hatua kwa hatua: leo nyumba ya kujitegemea, baadaye chumba chenye msaidizi wa kumwogesha na kumvisha, mwishoni kitanda cha uuguzi, yote ndani ya uzio mmoja. Ada ya kuingia huko inaweza kufika mamia ya maelfu ya dola, na juu yake ipo ada ya kila mwezi. Mkataba mmoja unaahidi kwamba ada ya mwezi haitapanda sana hata mkazi akihitaji uuguzi. Mwingine unamtoza bei ya soko siku hiyo ikifika. Mingi humkubali tu anayeingia akiwa bado mzima. Na kwa kuwa makazi hayo husimamiwa zaidi na sheria za kila jimbo, ulinzi unaopatikana jimbo moja huenda usiwepo jimbo la pili. Yapo yaliyofilisika, na wakazi walioahidiwa kurudishiwa sehemu ya ada yao wakajikuta kwenye foleni ya wadai, nyuma ya mabenki.

Wengi hudhani kwamba Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wenye miaka 65 na zaidi, italipia kitanda hicho. Hailipii utunzaji wa muda mrefu wa kulishwa na kuogeshwa. Hugharamia uuguzi wa kitaalamu kwa siku zisizozidi 100, tena kwa masharti, na baada ya siku ya 20 mgonjwa huchangia. Medicaid, mpango wa wasio na uwezo, ndiyo hulipia utunzaji wa muda mrefu, lakini ni baada ya akiba ya mtu kukaribia kwisha. Kila jimbo lina masharti yake, anayehama huomba upya, na zawadi alizotoa katika miaka 5 iliyotangulia kwa kawaida hukaguliwa. Yesu aliposema juu ya mtu anayeketi kuhesabu gharama ya mnara (Luka 14:28) alikuwa anafundisha juu ya ufuasi, lakini mfano wenyewe unachukulia kwamba wasikilizaji wanajua kuhesabu. Anayesoma mkataba wa makazi yake ukurasa kwa ukurasa, akamwomba na mwanasheria ausome, hajapungukiwa na imani.

Soma 2 Samweli 19:31–40. Daudi alimwahidi Barzilai nini? Kwa nini Barzilai hakuipokea ahadi hiyo kwa ajili yake mwenyewe?

Barzilai Mgileadi alikuwa na miaka 80 na mali nyingi. Alimlisha Daudi kule Mahanaimu wakati mfalme alipokuwa anamkimbia mwanawe. Sasa Daudi anarudi Yerusalemu na kumwita avuke naye, akatunzwe huko karibu na mfalme. Ni vigumu kupata makazi ya uzeeni yaliyo bora zaidi: meza ya mfalme na waimbaji, wanaume kwa wanawake. Barzilai anajibu kama mtu aliyekwisha kujipima. Ulimi wake hauonji tena ladha ya chakula, na masikio yake hayafurahii tena nyimbo. Anaomba arudi afe mjini kwake, karibu na kaburi la baba na mama yake. Kisha anamtoa Kimhamu aende badala yake.

Barzilai aliutaja udhaifu wa mwili wake kwa majina, mbele ya mfalme, bila aibu. Ni wachache wanaofanya hivyo. Wengi huchagua nyumba kwa mwili walio nao siku ya kusaini. Wanaona uwanja wa gofu na kusahau kwamba katika vitongoji vingi vya majimbo ya kusini hakuna basi la kutegemea. Siku macho yatakapokataa leseni ya kuendesha gari, mzee atafikaje dukani, hospitalini, au kanisani asubuhi ya Sabato? Swali hilo dogo lina uzito kuliko bwawa.

Lakini lipo neno lingine la Barzilai linalohitaji kuchunguzwa kwa makini: kwa nini awe mzigo kwa bwana wake mfalme? Wazee wa leo wanalisema kwa namna yao: sitaki kuwalemea watoto wangu. Mara nyingi hiyo ndiyo sababu halisi ya kuhamia mbali. Je, huo ni upendo, au ni kiburi kilichovaa koti la upendo?

Soma Wagalatia 6:2–5. Paulo anawezaje kuagiza watu wachukuliane mizigo, na papo hapo kusema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe?

Kiyunani kina maneno mawili hapo. La kwanza ni uzito unaoelemea. La pili ni furushi la msafiri. Kuweka akiba, kuandika wosia, kuchagua nyumba isiyo na ngazi, kuwaambia watoto fedha ziko wapi na karatasi ziko wapi: hilo ni furushi, na si haki kumwachia mwingine. Kupooza, kusahau majina ya wanao, kukaa miaka minne kitandani ni uzito wa namna nyingine, na hakuna aliyeumbwa kuubeba peke yake. Mzee anayeapa kwamba hatamlemea mtu anaahidi jambo lisilo mikononi mwake. Uzito utakuja, na ukimkuta mbali utamfikia binti yake kwa simu ya usiku wa manane kutoka jimbo ambalo binti hamjui daktari hata mmoja.

Hata sheria haikubali kiapo hicho kirahisi. Majimbo zaidi ya 20 ya Marekani bado yana sheria zinazoweza kumdai mtoto gharama za mzazi asiye na uwezo, ingawa hazitumiki mara nyingi. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya Pennsylvania ilikubali kwamba mwana mmoja alipe takribani dola 93,000 za kituo kilichomuuguza mama yake. Mama mwenyewe alikuwa amekwisha kuhamia Ugiriki.

Upande wa watoto nao una jaribu lake. Marko 7:9–13 inaeleza watu waliotumia neno Korbani kujivua wajibu kwa baba na mama. Mali ilikwisha kutengwa kwa jambo jema, kwa hiyo mikono ilikuwa safi. Mtoto wa leo hasemi Korbani. Husema kwamba mama yuko mahali pazuri, amelipiwa kila kitu, wapo wataalamu. Maneno hayo yanaweza kuwa ya kweli kabisa, na bado yakafanya kazi ileile.

Soma Zekaria 8:4, 5. Ni nani na nani wanaonekana katika njia za mji ambao Bwana anaurejesha?

Nabii anaona wazee wa kiume na wa kike wameketi, kila mmoja na mkongojo wake kwa ajili ya wingi wa siku zake, na njia hizohizo zimejaa watoto wanaocheza. Picha hiyo inaliweka swali gumu mbele ya makazi ya wazee watupu. Sun City, karibu na Phoenix huko Arizona, ilifunguliwa na kampuni ya Del Webb tarehe 1 Januari 1960, na ikawa mfano kwa vijiji vingi vya wastaafu vilivyofuata. Sheria ya nchi ilipokataza mwaka 1988 kuzinyima makazi familia zenye watoto, iliacha mlango kwa makazi ya wazee: inatosha kwamba angalau asilimia 80 ya nyumba ziwe na mtu wa miaka 55 au zaidi. Vijiji vingi huweka hata idadi ya siku ambazo mjukuu anaruhusiwa kulala kwa babu yake.

Kuna wema humo, na si haki kuudharau. Mjane anayeishi kati ya wajane wenzake hupata mtu wa kunywa naye uji bila kujieleza. Milango ni mipana, na hakuna anayekasirika mtu akitembea polepole. Lakini kutokuwa na watoto machoni hubadilisha moyo taratibu. Katika miaka ya 1960 na 1970 wapiga kura wa Sun City walikataa mara kwa mara mikopo ya kujengea shule za wilaya ya Peoria, hadi mji wao ukaondolewa katika wilaya hiyo. Hawakuwa watu wabaya. Walikwisha kusomesha watoto wao kwingine, na watoto wa Peoria hawakuwa wakipita mbele ya vibaraza vyao. Anayehamia kijiji cha namna hiyo anapaswa kujua mapema ni mtoto gani, asiye wa damu yake, atakayemjua kwa jina.

Yuko mwingine anayesahauliwa katika vijitabu: yule atakayemgeuza mzee kitandani. Katika makazi mengi ya wazee ya Marekani kazi hiyo hufanywa na wahamiaji, na miongoni mwao wapo wengi kutoka Kenya na nchi jirani, ambao mama zao wenyewe wanazeeka nyumbani wakitunzwa na mtu mwingine kwa fedha zilizotumwa. Anayetembelea makazi kabla ya kuchagua huonyeshwa bustani. Ingekuwa vyema aombe pia kuongea na wahudumu wa zamu ya usiku: kila mmoja anahudumia wazee wangapi, na amekaa hapo muda gani? Mahali wanapoondoka kila baada ya miezi michache pana jambo.

Soma Mwanzo 46:1–7. Yakobo alikuwa mzee sana alipohamia nchi ngeni. Safari yake inatofautiana vipi na ile ya Lutu?

Yakobo alikuwa na miaka 130 aliposimama mbele ya Farao. Gosheni ilikuwa na malisho mazuri, na njaa ilikuwa kali Kanaani, lakini kilichomwinua ni habari kwamba Yusufu yu hai. Alimfuata mtu. Hata hivyo alisimama kwanza Beer-sheba akatoa dhabihu, kwa kuwa aliogopa, na Mungu hakumkemea kwa hofu yake. Baadaye alimwapisha Yusufu juu ya mahali pa kumzika. Baba na mwana walizungumza juu ya kifo waziwazi, mapema, mzee akiwa bado na akili timamu.

Kwa mjadala wa darasa: Wale wazazi wa Michigan wamebakiwa na nafasi mbili. Ya kwanza ni nyumba nzuri katika kijiji cha wastaafu huko Arizona, ambako marafiki wao wawili wamekwisha kuhamia. Ya pili ni nyumba ndogo ya kupanga huko Ohio, dakika kumi kutoka kwa binti yao, ambaye ana watoto wadogo na hufanya kazi zamu mbili. Binti hajawaita, nao hawajamuuliza, kila upande ukiogopa kuulemea mwingine. Ni nani anayepaswa kuanza mazungumzo hayo, na aseme nini kwanza?