TIMOTHEO ALIOGOPA. JE, WOGA NI DHAMBI?



Kuna neno linalosumbua wengi hapa Bukavu, zaidi tangu vita vilipoingia mjini mwezi wa pili 2025. Tunasikia ikihubiriwa, hata katika maombi ya usiku, kwamba mwenye kuogopa hana imani. Wale wenye mashaka wanasikia, wanakaa karibu na mlango na kusema moyoni: basi ubatizo tutangoja. Sisi tunaona neno hilo limefukuza watu ambao Bwana hakuwafukuza.

Tumtazame Timotheo. Mama yake Eunike alikuwa Myahudi, baba yake Myunani. Na wale waliozaliwa hivyo, kati ya makabila mawili, wanajua uzito wake bila sisi kueleza. Paulo alimkuta Listra, akasikia ndugu wakimsifu, akamchukua safarini. Baadaye akamwachia kazi ya Efeso, mji mkubwa wenye walimu wa uongo, na wazee waliomzidi miaka. Tumbo lilimsumbua mara kwa mara. Machozi yake Paulo aliyakumbuka hata akiwa katika minyororo.

Na Paulo alimfanya nini kijana huyu? Hakumwondoa kazini. Alimkumbusha imani ya nyanya yake Loisi, akamwambia achochee karama iliyo ndani yake. Mama yeyote mwenye mbabula anajua: makala iliyozimika kabisa haichochewi. Moto ulikuwamo.

Lakini kuna jambo tunalopita haraka tukisoma. Mwishoni mwa barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 16, Paulo anawaagiza Wakorintho waangalie Timotheo akae kwao bila hofu, wala mtu asimdharau. Agizo hilo halikuandikwa kwa Timotheo. Liliandikwa kwa kanisa! Basi woga wa kijana si mzigo wake peke yake. Wenyeji wake nao wataulizwa.

Hapa Kongo tunaye Papa Simon Kimbangu. Mwaka 1918 aliitwa, naye akakataa, akakimbilia Kinshasa kutafuta kazi. Huko hakupata utulivu, akarudi Nkamba. Tarehe 6 Aprili 1921 akaanza kuponya wagonjwa, na kabla ya miezi sita kuisha Wabelgiji walikuwa wamemfunga. Walimhukumu kufa, mfalme Albert akabadilisha hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani miaka 30, akafia Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Mtu aliyevumilia miaka 30 ndiye yule yule aliyekimbia kwanza. Na muda huo wote mke wake, Mama Marie Mwilu, aliwalinda waamini kwa siri, kama vile Loisi na Eunike walivyolinda imani nyumbani mwao.

Hatusemi woga wote hauna hatia. Mtu akimkana jirani ili aokoe duka lake, hapo woga umekwisha kuwa bwana wake, naye anautumikia. Bali kutetemeka huku unaenda, au hata kukimbia kisha kurudi, hilo ni jambo lingine. Petro alikana mara tatu, na bado alikabidhiwa kondoo.

Tuseme na la kwetu. Kijana mmoja alipewa kusoma Neno mbele ya kanisa. Sauti ilimtetemeka, akaruka mstari, na sisi wazee wa viti vya nyuma tukacheka. Kicheko kidogo tu, tulifikiri. Tangu siku ile hatujamwona. Tunajua anakaa Kadutu, tunajua hata nyumba, na kwa majuma mengi hakuna mzee aliyepanda kumtafuta, kwa sababu kila mmoja wetu aliogopa kuulizwa kwa nini alicheka. Alhamisi hii, baada ya maombi, tunapanda watatu.