Leseni ni Ahadi ya Nani?

Ndugu msomaji, hebu tujiulize: ujuzi wa mtu unakaa mikononi mwake au kwenye karatasi aliyoandikiwa? Swali linaonekana la kitoto, mpaka uvuke bahari.

Tuseme kuna dereva wa lori wa Dar es Salaam. Miaka 15 kapanda na kushuka kona za Kitonga, usiku na mvua, hajagonga hata kuku. Anapata viza, anakwenda kuishi Uingereza. Sheria ya kule inamwambia: karibu, endesha gari dogo kwa leseni ya kwenu kwa miezi 12 tangu uwe mkazi. Siku ya mwisho ya mwaka huo analala dereva, asubuhi anaamka si dereva tena. Gari ni lile lile, barabara ile ile, mikono ni yake. Akitaka kuendelea, aombe leseni ya mwanafunzi, abandike kibao cheupe chenye L nyekundu, aketi na mwenye leseni ubavuni. Ajibu maswali 50, apate angalau 43, aoneshwe video atambue hatari, ndipo atoke barabarani na mtahini.

"Ubaguzi huo!" ndivyo tunavyosema vijiweni. Na kwa haraka haraka, tuna hoja. Mswisi, ambaye kwao magari hupita kulia, anabadilishiwa leseni yake bila mtihani. Sisi tunaopita kushoto, mtindo tuliorithi kwa Waingereza wenyewe, tunaanza moja. Lakini hoja yetu inapata pancha ikifika Harare: leseni ya Zimbabwe nayo inabadilishwa, na ya Afrika Kusini pia. Basi rangi peke yake haielezi orodha ile. Sheria inatazama nchi inavyotahini madereva wake. Dereva mmoja mmoja haimtazami kabisa.

Hapo ndipo panaponiuma. Leseni ni ahadi. Nchi inasema: huyu tumempima, mwaminini. Sasa mimi na wewe, mkono kifuani, tunaweza kuiapia ahadi yetu? Mjini hapa nani hajasikia habari za jamaa aliyepata leseni kwa chai, hata gia hajui kubadilisha? Tunacheka, tunamwita mjanja. Kumbe mjanja huyo kapunguza thamani ya karatasi ya kila mwenzake. Sisemi orodha ya Waingereza iliandikwa kwa sababu yake. Nasema hata wakituingiza kesho, sehemu ya ahadi yetu itakuwa uongo, na barabarani uongo huua mtu.

Je, ni haki dereva wetu wa Kitonga alipe deni asilokopa? Hapana. Kumpima mtu kwa nchi yake ni sawa na kutompima. Mswisi hakuulizwa kama anaweza kupita kushoto, naye dereva wetu hakuulizwa anajua nini. Wote wawili wameonwa pasipoti tu.

Ila mtihani wenyewe siuiti tusi. Kwenye kiti kile, mtahini akiwa pembeni, ndipo kwa mara ya kwanza ugenini anatazamwa yeye na mikono yake. Mimi ningekibandika kibao cha L bila kuona haya. Ningemwonea haya zaidi aliye huku nyumbani, anayebeba abiria 30 na hajawahi kukibandika.

Wewe mwenzangu unaonaje?