Mgeni, Mteja na Kapu la Mapeasi

Yapo maswali ya maadili yanayoonekana madogo kwa sababu huulizwa mlangoni, mzigo ukiwa bado begani. Mojawapo ni hili: mtu anayekwenda mji mkubwa aliko nduguye, kisha akachagua kulala hotelini kwa fedha zake mwenyewe, je, amemkosea mtu?

Tulitazame swali hili kutoka Lushoto, katika milima ya Usambara, kwa sababu huko kushuka mjini ni jambo zito. Gari huteremka kona kwa kona kupitia Soni hadi Mombo, yapata kilomita 33, na baridi ya mlimani hubaki nyuma. Kutoka Mombo barabara kuu humpeleka msafiri Dar es Salaam. Kwa desturi, safari ya namna hiyo ilipangwa kwa swali moja: nani wetu yuko kule? Jibu likipatikana, shangazi wa Magomeni au mjomba wa Temeke, mengine yote yalijipanga. Kapu lilijazwa mapeasi, plamu na viazi, likafungwa kamba, likapandishwa juu ya basi. Kapu lilikuwa ndiyo barua ya utambulisho.

Siku hizi wapo wanaopanga kinyume. Huanza na picha ya chumba: hoteli ndogo ya kifahari, vyumba vichache, chandarua cheupe, kiti cha ukindu barazani, bahari dirishani. Chumba kikishalipiwa ndipo hutafutwa tarehe ya basi, na baada ya tarehe hutafutwa la kufanya mjini. Jiji zima, pamoja na watu wake, hupewa saa zilizobaki baina ya chai ya asubuhi na kuoga kwa jioni. Kapu halina nafasi katika mpango huu. Nani atalipeleka kapu la viazi mapokezi?

Tusiharakishe kulaumu. Anayekwenda hotelini ana hoja, na hoja zake zina uzito. Ndugu wa mjini mara nyingi amepanga vyumba viwili, na maji huyanunua kwa ndoo. Mgeni akifika, watoto hulala chini, baba husogea, na mama wa nyumba huamka kabla ya alfajiri kutafuta cha kumtengea. Ukarimu tunaousifu katika mashairi una mikono iliyoubeba, nayo aghalabu ni mikono ya mwanamke ambaye hakuulizwa. Wahenga waliposema kuwa mgeni ni siku mbili, na ya tatu apewe jembe, walikiri kwamba ukarimu una gharama na gharama ina mpaka. Anayelala hotelini amempunguzia mtu mzigo. Isitoshe, fedha zake humlipa mpishi, dobi na mlinzi, ambao nao wana watoto wanaosubiri.

Hata hivyo, hoja hii haijagusa kiini. Shangazi akipata habari, baada ya wiki, kwamba mpwawe alikuwa mjini siku nne, hauliziki kwa kuwa hakupika. Huumia kwa kuwa hakuhitajiwa. Tunasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii huwashangaza wengi, maana tungetazamia mgeni ndiye apone, yeye aliyechoka na safari. Lakini wahenga walijua kuwa mwenyeji naye ana ugonjwa wake: ugonjwa wa kusahauliwa.

Milima ya Usambara yenyewe ina kisa kikubwa cha mgeni. Abdallah bin Hemedi aliyeandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili, mwishoni mwa karne ya 19, anatupa masimulizi ya Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu baada ya kukataliwa na jamaa zake. Alifika milimani bila ukoo na bila ardhi. Alichokuwa nacho ni nyama ya mawindo, naye aliigawa. Wenyeji wakampa vyakula vya shamba, kisha wakampa wake, na hatimaye, huko Vuga, wakampa utawala. Tukiacha kando mahali historia inapoishia na ngano inapoanzia, funzo la kisa liko wazi. Mbegha hakuuza nyama. Angaliiuza, angalipata bei yake na kuondoka, na Wakilindi wasingalikuwapo. Aliitoa, na kwa kuitoa akawaachia watu jambo la kumrudishia. Nao waliporudisha, wakamwachia naye jambo. Kwenda na kurudi huko ndiko kulikomfanya mtu wa mbali awe wa hapo.

Hapa ndipo ilipo tofauti baina ya mteja na mgeni. Malipo hufunga deni. Zawadi huliacha wazi. Mteja akishalipa hadaiwi salamu, hadaiwi kurudi, hadaiwi kukumbuka jina. Uhuru huo ni mtamu, nao ndio unaouzwa pamoja na chandarua cheupe. Tunasema pia kwamba mgeni ni kuku mweupe, haachi kuonekana. Katika hoteli kuku mweupe hukaa na weupe wenzake, akapumzika na macho ya watu. Lakini asiyeonekana hawezi kukaribishwa.

Sisi wa visiwani hatuna haki ya kulitazama jambo hili kwa mbali kana kwamba ni la watu wa bara. Mji Mkongwe wetu, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, una majumba kadhaa yaliyogeuzwa hoteli za aina hiyo hiyo. Kuna kheri ndani yake: jumba lisilotunzwa huanguka, na sehemu ya Beit el-Ajaib iliyoporomoka Desemba 2020 ilitufundisha hilo kwa uchungu. Lakini nyumba za kale za pwani zilikuwa na sabule, chumba cha kumpokelea mgeni, na chumba hicho hakikuwa na bei. Leo tunaulinda ukuta wa sabule na kuuza maana yake kwa usiku. Aliyezoea kuuza ugeni nyumbani kwake atashangaaje mwingine akiununua ugenini?

Jibu langu kwa swali la mwanzo, basi, si kwamba hoteli ni dhambi. Na alale hotelini anayetaka. Huenda huko ndiko kumhurumia shangazi. Kosa ni kuiacha hoteli ijibu swali ambalo si lake. Hoteli inaweza kujibu nitalala wapi. Haiwezi kujibu nakwenda kwa nani. Mwenye kupanga safari na alitangulize hilo la pili, kisha chumba kifuate. Alibebe kapu, alifikishe Magomeni siku ya kwanza kabla hajafungua mkoba wake, ale kinachotengwa hata kama ni chai kavu, aulizwe habari za mlimani, azijibu moja moja. Kisha arudi kulala anakolipia. Na huko nako asimpite kijana anayempokelea mzigo bila kumuuliza kwao ni wapi. Huenda akajibiwa Mlalo, au Mtae, na salamu ikaendelea kwa Kisambaa. Kitanda kitakuwa kimelipiwa. Mengine yatabaki kuwa deni, na deni la namna hiyo ni heri kuwa nalo.